Len Lye, Fundi wa Mwendo

Mkanda wa filamu wa milimita 16 ni mwembamba kuliko kidole gumba. Picha moja ndani yake, ile inayoitwa fremu, ina upana wa milimita 10 hivi na kimo cha milimita 7 na nusu. Projekta hupitisha fremu 24 kila sekunde, kwa hiyo dakika moja tu inakula fremu 1,440. Sasa chukua mkanda wa namna hiyo uliofunikwa weusi mtupu mwanzo hadi mwisho, usio na picha hata moja, ambao haujawahi kuingia ndani ya kamera. Mtu ameuinamia na sindano mkononi. Anakwangua ule weusi, na pale anapokwangua plastiki inabaki wazi, mwanga upate pa kupita. Kwenye skrini, mkwaruzo ambao ungehitaji miwani kuuona unasimama mrefu kuliko mtu, mweupe, ukiwaka gizani.

Hivyo ndivyo Len Lye alivyoitengeneza Free Radicals mwaka 1958. Haina hadithi, haina mhusika, haina rangi. Ina mistari myeupe, giza na ngoma, basi. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara kuna mstari mmoja ambao sikuuona kabla. Wanahistoria wa filamu wanamweka Lye kwenye fungu la wahuishaji wa majaribio, na wale wa sanaa wanamweka kwenye fungu la wachongaji wa sanamu zenye mota, kana kwamba walikuwa watu wawili waliopokezana jina. Mimi namwona mtu mmoja aliyekuwa na kazi moja: kuushika mwendo wenyewe na kuupanga, kama mtunzi wa muziki anavyopanga sauti. Alichobadilisha ni malighafi.

Alizaliwa Christchurch, New Zealand, tarehe 5 Julai 1901. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Ukubwani alipenda kusimulia habari ya debe tupu la mafuta ya taa alilolipiga mateke uani likatoa kishindo na mmweko wa mwanga, naye akasimama pale akiwa ameshikwa. Baadaye mama yake aliolewa na mtunza mnara wa taa, na kwa muda familia iliishi Cape Campbell, rasi inayopigwa na upepo kaskazini-mashariki mwa Kisiwa cha Kusini. Inavutia kusema kwamba kila kitu kilitoka hapo: mwako, kishindo, mwanga unaozunguka usiku. Lakini watoto wengine nao wamelala chini ya minara ya taa wakakua wakawa makarani. Kilichomtenga Lye ni swali alilojiuliza ujanani, akifikiria michoro ya mawingu ya Mwingereza John Constable. Constable alikuwa akihangaika kunasa mwendo wa mawingu kwa rangi zilizotulia. Kijana akajiuliza: kwa nini kuzunguka kote huko kupitia mawingu? Kwa nini usiushughulikie mwendo wenyewe?

Swali la kijana ni jambo jepesi. Uzito uko katika namna alivyolifanyia mazoezi. Alianza kuchora vitu vinavyokwenda: mawimbi yanavyojikunja, farasi anavyotembea, mtu anavyohamisha uzito kutoka nyonga moja hadi nyingine. Zaidi ya kuchora, alijifunza kuusikia mwendo wa kitu kingine ndani ya mwili wake mwenyewe, akimtazama mtembeaji huku misuli yake ikijibu kimya kimya. Aliunda hata vyombo vya mbao za masanduku ya matunda na kapi, unazungusha mpini, sehemu zinacheza. Wakati uo huo alikuwa makumbusho na maktaba akisoma kwa macho sanaa ya Wamaori, ya visiwa vya Pasifiki, ya Australia na ya Afrika, na kuichukua kama shule yake halisi katika miaka ambayo walimu wake walikuwa wakielekeza vidole Ulaya.

Akaenda Sydney, kisha Samoa, ambako aliishi na Wasamoa kijijini hadi utawala wa kikoloni wa New Zealand ukamtoa. Mwaka 1926 alifika London kwa meli, akilipia safari kwa jasho la kushughulika na makaa ya mawe. Alikaa kwenye jahazi lililotia nanga mto Thames, akajuana na washairi na wachoraji, na akaanza filamu yake ya kwanza, Tusalava.

Tusalava ilimchukua kama miaka miwili na michoro zaidi ya 4,000. Ilionyeshwa mwaka 1929 chini ya London Film Society, ikifuatana na muziki wa piano mbili ulioandikwa na rafiki yake Jack Ellitt. Ndani yake viumbe vyenye umbo la funza na vitone vinakua, vinajipinda, vinapambana, kimoja kinakimeza kingine. Ni kazi ya heshima kubwa, na mtu aliyewahi kuchora hata michoro 50 ya uhuishaji atajua 4,000 ina maana gani kwa mgongo na macho. Hata hivyo, kuna kitu kinanikwama ninapoitazama. Kila mchoro umewekwa chini ya kamera, umepigwa picha, umeondolewa, umewekwa mwingine. Kati ya mkono wa Lye na jicho langu kumesimama mashine, na wakati ule wote wa kungoja umepunguza joto la mkono. Nadhani yeye mwenyewe alilihisi hilo, kwa sababu alipopata njia ya kuiondoa kamera hakuchelewa.

Njia hiyo ilikuja pamoja na ukata. Baada ya Tusalava hakupata wa kumgharimia filamu nyingine ya aina ile. Kamera ilikuwa ghali, maabara ilikuwa ghali, ila vipande vya mkanda vilipatikana. Akaanza kupaka rangi moja kwa moja juu ya mkanda. Majaribio hayo aliyapeleka kwa John Grierson, Mskoti aliyekuwa akiongoza kitengo cha filamu cha Posta ya Uingereza, GPO Film Unit. Grierson alikuwa mtu wa filamu za kweli, za wavuvi na wachimba makaa, lakini alikuwa na jicho. Alikubali kumlipa kwa sharti kwamba mwishoni kuwe na tangazo la Posta kuhusu nauli nafuu za vifurushi. Ndivyo ilivyozaliwa A Colour Box mwaka 1935.

Hapa tusogee karibu, maana ufundi wote uko kwenye vipimo. Lye alipaka kwenye mkanda wa milimita 35. Katika mkanda huo, fremu moja na nafasi yake huchukua milimita 19. Zidisha kwa fremu 24, na sekunde moja ya filamu inakuwa na urefu wa kama sentimita 45 na nusu, yaani mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Nusu sekunde ni shubiri. Fundi nguo yeyote wa zamani angeweza kuupima muda wa filamu juu ya meza yake bila saa. Na ndivyo Lye alivyofanya kazi: muziki ulikuwa umekwisha kuchaguliwa, dansi ya La Belle Créole iliyopigwa na Don Baretto na bendi yake ya Kikuba, na mapigo yake yalikuwa yamechanganuliwa na kugeuzwa urefu. Pigo liko hapa, pigo linalofuata liko shubiri moja mbele. Mpaka rangi alijua kwa jicho ni wapi ngoma ingelia.

Mhuishaji wa kawaida huchora fremu, akasogea kwenye fremu inayofuata. Lye hakujali mipaka ya fremu. Alivuta brashi kwa urefu wa mkanda, mkono mzima, mikono mitatu, kumi. Projekta ndiyo inayoukata mstari huo vipande 24 kwa sekunde na kuvirusha kimoja juu ya kingine, na mstari uliochorwa kwa mkono unaoyumba kidogo unageuka kwenye skrini kuwa uzi wima unaotetemeka kushoto na kulia. Aliburuta kichana juu ya rangi mbichi, ikatoka mistari sambamba inayotikisika kwa pamoja. Alitumia vibati vilivyokatwa maumbo, akanyunyizia rangi, akapata duara na vitone vinavyorukaruka mahali pamoja. Kila chombo kilikuwa na tabia yake ya kucheza, na hakuna namna ya kuijua tabia hiyo kwa kuutazama mkanda ukiwa mezani. Unapaka, unakausha, unapitisha kwenye projekta, unaona, unarudi. Baada ya muda mkono unajua. Mtu anayesema alipaka rangi ovyo ovyo na bahati ikamwangukia, ajaribu mwenyewe mikono kumi tu.

A Colour Box iliingia kwenye sinema za kawaida mbele ya watu waliokuja kuona mambo mengine. Baadhi walishangilia, baadhi walizomea. Katika tamasha la filamu la Brussels mwaka huohuo, majaji hawakuwa na kundi la kuiweka, wakaitungia tuzo yake. Kijana mmoja wa Kiskoti aliyeiona, Norman McLaren, alitambua kwamba jambo alilokuwa akiliota linawezekana. Baadaye McLaren aliupeleka ufundi huo Kanada na kuwa mmoja wa wahuishaji wakubwa wa karne.

Filamu zilizofuata nitazipita haraka, ingawa kila moja ingestahili makala. Rainbow Dance ya 1936, iliyotangaza benki ya akiba ya Posta, inamchukua mchezaji dansi Rupert Doone kama kivuli na kumjaza rangi ambazo hakuna kamera ingeziona. Trade Tattoo ya 1937 imetengenezwa kwa mabaki ya filamu nyingine za Posta: vipande vya viwanda, bandari, barua zikipangwa, ambavyo wenzake walikuwa wamevitupa. Lye alivipitisha kwenye mfumo wa Technicolor, ambao hutenga rangi tatu na kuziunganisha tena, akaamua mwenyewe kila sehemu ya picha nyeusi na nyeupe ipate rangi gani, kisha akaipanga siku ya kazi ya Uingereza kwa mdundo wa Lecuona Cuban Boys. Ni filamu ngumu kupita kiasi kuitengeneza, na inapita mbele ya macho kama mtu anayetembea akipiga mluzi. Nikilazimishwa kuchagua moja katika zile za rangi, ningechagua hiyo.

Vita vikaja, akatengeneza filamu za propaganda na za mafunzo, na mwaka 1944 akahamia New York. Huko alifanya kazi ya kulipwa kwenye filamu za habari za March of Time na akawa raia wa Marekani mwaka 1950. Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa migumu zaidi kwake kama msanii, kwa sababu New York haikuwa na Posta yenye moyo wa Grierson. Mwaka 1957 alitengeneza Rhythm, dakika moja tu, akitumia picha za kiwanda cha Chrysler: gari linaunganishwa kutoka vyuma vitupu hadi kuondoka, likirukaruka mbele ya macho kwa mikato mifupi inayofuata ngoma za Kiafrika. Kampuni haikuirusha hewani. Na kwa kuwa haikurushwa, ikakosa sifa ya kupewa tuzo ya matangazo ambayo ingeipata. Leo wanafunzi wa uhariri wa filamu wanaisoma dakika hiyo fremu kwa fremu.

Kisha ikaja Free Radicals. Mkanda mweusi aliouanzia ni ule ambao maabara huutumia mwanzoni na mwishoni mwa mikanda mingine, kitu cha bei ndogo kabisa. Zana zake zilikuwa sindano, vifaa vya daktari wa meno, meno ya msumeno, hata chembe cha mshale wa kale. Sindano inatoa uzi mmoja. Meno ya msumeno yanatoa mistari kadhaa kwa mvuto mmoja, yote ikiwa na mpindo uleule, kwa hiyo kwenye skrini inasogea kama kundi la ndege.

Ugumu wake ni huu. Skrini yenye kimo cha mita tatu inaikuza fremu ile mara 400. Mkono ukiteleza nusu milimita, kwenye skrini hilo ni kosa la sentimita 20. Ukikwangua polepole kwa tahadhari, kusita kwako kutaonekana: mstari unanenepa pale uliposimama kufikiri, unakonda pale ulipopata ujasiri. Tahadhari, ambayo katika kazi nyingi za mikono ndiyo silaha ya fundi, hapa ndiyo inayomsaliti. Lye alitafuta njia nyingine. Aliikaza sindano kwa mikono yote miwili, akautikisa mwili mzima, akaukusanya msukumo mabegani hadi ukawa hauzuiliki, kisha akauachia kwa mruko mmoja wa ghafla kupitia vidole. Mstari uliotoka una kichwa kikali na mkia unaochongoka, na una nguvu ambayo hakuna anayeweza kuichora kwa kukusudia. Iliyoshindikana aliitupa. Alitupa mingi sana.

Kisha mkwaruzo huo unapaswa kuwa na ndugu yake kwenye fremu inayofuata, na mwingine, na mwingine. Wafanane vya kutosha jicho liamini ni kitu kimoja, watofautiane vya kutosha kitu hicho kiende. Kuna sehemu ambapo mistari iliyopinda inaanza pana, inabana fremu baada ya fremu hadi kuwa kama uzi, halafu inatanuka tena. Jicho haliioni ikipanuka na kupungua. Linaiona ikizunguka, kana kwamba kuna fimbo ya mwanga inageuka ndani ya giza lenye kina. Hakuna kina pale. Kuna plastiki bapa iliyokwaruzwa. Na kwa sababu mkono hauwezi kurudia mahali palepale mara 24 kwa sekunde, fimbo hiyo inatetemeka inapozunguka. Studio kubwa za katuni zilitumia fedha nyingi kuuondoa mtetemo huo. Lye aliutunza, maana ndio uhai wa kitu.

Ngoma zinazosikika ni za Wabagirmi wa Chad, zilizorekodiwa huko kwao. Mtazamaji wa Kiafrika ana sababu ya kusimama kidogo hapa. Wapigaji hawatajwi kwa majina. Wanatajwa kama kabila, ilivyokuwa desturi ya rekodi za wakati ule, na hilo ni deni ambalo sifa za filamu hii hazijalilipa. Lakini sikiliza jinsi Lye alivyozitumia. Hakuziweka nyuma kama pambo la kigeni. Mdundo ndio uti wa mgongo wa filamu: mstari unaingia pamoja na pigo, unakaa kimya pale ngoma inapokaa kimya, na mara kadhaa skrini inabaki nyeusi kabisa huku ngoma zikiendelea, kwa sababu zina haki ya kusikika peke yake. Alikuwa amewasikiliza wale wapigaji kwa bidii ya mwanafunzi, na bila wao filamu hii ingekuwa mikwaruzo.

Free Radicals ilipata zawadi ya pili kwenye mashindano ya filamu za majaribio yaliyofanyika Brussels mwaka 1958, na nusu karne baadaye, mwaka 2008, iliingizwa kwenye National Film Registry, orodha ya filamu ambazo Marekani imeamua zihifadhiwe. Zawadi ya Brussels ingetosha kumfungulia milango mtu mwingine. Yeye haikumfungulia. Wafadhili hawakuja, na Lye akatangaza kwamba anagoma kutengeneza filamu. Alikuwa anakaribia miaka 60.

Akageukia chuma. Si kwamba aliachana na alichokuwa akikifanya. Tazama Blade: bamba jembamba la chuma cha pua, limesuguliwa likang'aa, limesimama wima, shina lake limebanwa kwenye mtambo unaolitikisa. Chumba kina giza na taa imelielekea. Mota inaanza polepole, na bamba linayumba kama upinde mmoja, huku na huku. Mota inaongeza kasi, na kwa muda bamba linavurugika, halijui lifanye nini. Kisha, kasi ikifika mahali fulani, linakubali: linajipinda umbo la herufi S, na katikati yake kuna sehemu moja imetulia tuli huku chini na juu yake kukirindima. Anayejua watoto wanavyoitikisa kamba ya kuruka anajua jambo hili. Ukiitikisa taratibu unapata tumbo moja, ukizidisha mkono unapata matumbo mawili na fundo katikati. Lye alichukua tabia hiyo ya kila kitu chembamba kinachotikiswa, akaifanya ala. Kando ya bamba alisimamisha ufito wenye kirungu cha gome la mti, lile linalotumika kwenye vizibo vya chupa, ili bamba likifika kilele cha ghadhabu yake likipige na kukipiga tena, na chumba kizima kisikie.

Ustadi hapo uko katika kujua kasi. Kati ya umbo moja na jingine kuna vurugu, na mtu asiye na sikio la mwendo angeizungusha mota juu na chini na kupata kelele. Lye alipanga kila utendaji kama kipande cha muziki: kaa kwenye upinde wa kwanza hadi mtazamaji atulie nao, mpeleke kwenye S kabla hajachoka, mwache humo muda mfupi kuliko anavyotaka, panda, piga, katisha ghafla. Na ule mwanga unaoteleza juu ya chuma gizani ni mstari mweupe uleule wa Free Radicals, safari hii ukiwa na uzito na sauti.

Aprili 1961 sanamu hizi zilionyeshwa kwenye Museum of Modern Art ya New York, moja baada ya nyingine kama wasanii wanaopanda jukwaani. Mwaka 1965 zilijaza Howard Wise Gallery. Fountain ilikuwa ya familia hiyo: shungi la fito nyembamba za chuma zilizoshikwa pamoja chini na kutawanyika juu, zikizunguka taratibu hadi ncha zake zinasugua na kunong'ona. Na Loop, ambayo Art Institute of Chicago iliinunua: utepe wa chuma uliofungwa kuwa pete kubwa, umelazwa juu ya kitanda chenye sumaku. Sumaku zinauvuta chini, zinauachia, nao unaruka na kugonga mpira unaoning'inia juu yake, ukatoa sauti. Kisha unapungua, unapumua, hadi sumaku zitakapouvuta tena.

Soko halikujua la kufanya na vitu hivi. Mota ziliungua, mabamba yalivunjika, na mnunuzi aliyetaka kitu cha kuweka sebuleni hakutaka radi. Zaidi ya hapo, Lye aliziona sanamu alizokuwa nazo kama vielelezo vidogo vya kazi kubwa kuliko uwezo wa wahandisi wa siku zake. Alichora mipango ya mabamba marefu kama majengo, ya mahekalu yenye nyoka wa chuma na umeme, akisema wazi kwamba kazi yake itafaa karne ya 21. Kuna watu ambao kwao kauli kama hiyo ni faraja ya aliyeshindwa. Kwake ilikuwa ratiba.

Aliyeisoma ratiba hiyo vizuri alikuwa mhandisi, John Matthews wa New Plymouth, mji wa pwani ya magharibi ya New Zealand wenye jumba la sanaa la Govett-Brewster lililofunguliwa mwaka 1970. Walikutana mwaka 1974. Matthews na mafundi wa mji huo waliijenga Trilogy kwa ukubwa ambao Lye alikuwa ameuota tu: mabamba matatu ya chuma yanayoning'inia kutoka darini, mawili ya pembeni yakizunguka na kujipinda, la kati likiwa limekunjwa kitanzi kinachojigeuza ndani nje kwa kishindo. Mwaka 1977 ikaonyeshwa, na Lye akaja kuiona. Mtu aliyeondoka nchini kijana asiyejulikana, akapewa na mafundi vyuma wa mji mdogo kitu ambacho New York haikuwa imempa.

Akiwa mgonjwa wa saratani ya damu, alirudi kwenye filamu. Mwaka 1979 aliichukua Free Radicals, kazi ambayo ulimwengu ulikwisha kuikubali, akaikata kutoka dakika tano hadi nne. Nalistahi jambo hilo kuliko karibu yote niliyoyaeleza. Kila fremu katika dakika ile ilikuwa imempitia mwilini. Alikuwa na umri wa miaka 78, hakuwa na muda wa kutengeneza nyingine, na bado alikuwa tayari kuondoa sehemu ya tano ya kazi yake bora kwa sababu jicho lake lilimwambia ni ndefu. Alikamilisha pia Particles in Space, dada yake. Alifariki tarehe 15 Mei 1980, Warwick, jimbo la New York, akiwa ameacha kazi zake, zana na michoro kwa Len Lye Foundation iliyoanzishwa mwaka huohuo huko New Plymouth.

Kazi ya wakfu huo ni ngumu kwa namna ambayo makumbusho ya kawaida hayaijui. Ufito wa Wind Wand uliosimama ufukweni New Plymouth, zaidi ya mita 40 na taa nyekundu kileleni, ukiinama na kuinuka na upepo wa Bahari ya Tasman, umejengwa kwa malighafi za kisasa baada ya kifo chake. Mwaka 2015 kilifunguliwa kituo kizima kwa jina lake, ubavuni mwa Govett-Brewster, ukuta wake wa nje ukiwa wa chuma kisichoshika kutu kilichosuguliwa kama kioo na kupindwapindwa kama pazia. Ndani yake mafundi wanaamua mambo ambayo Lye aliyaamua kwa mwili wake: mota ifike kasi gani, ikae hapo sekunde ngapi. Wanatumia maandishi aliyoacha, picha za filamu za sanamu za awali, na kumbukumbu za waliofanya kazi naye. Wapo wanaouliza kama sanamu iliyojengwa baada ya kifo ni ya Lye kweli. Naona swali hilo lingekuwa zito zaidi kama angekuwa mchongaji wa mawe. Alichotunga yeye ni mwendo, na mwendo upo pale tu unapofanywa upya. Blade iliyozimwa ni kipande cha bamba.

Chuma nacho huchoka. Bamba lililopindwa mara maelfu kwa maelfu huota ufa mdogo usioonekana, kwa kawaida karibu na pale liliposhikwa, na siku moja hukatika. Kwa hiyo sanamu hizi zina ratiba za kufanya kazi na kupumzika, na zina mabamba ya akiba, na bamba jipya likifungwa halifanyi sawasawa na la zamani hadi fundi akae nalo, apandishe kasi kidogo, ashushe, atafute tena mahali ambapo vurugu inaachia na S inasimama. Kazi hiyo inafanyika New Plymouth sasa hivi, kwa funguo za spana na kwa jicho.